Pumzi ya Injini

Msomaji, watu wanaposifu nguvu za gari aghalabu husifu petroli. Utasikia mtu akisema gari fulani lina nguvu kwa sababu linakunywa mafuta mengi, kana kwamba kunywa ndiko kutenda. Petroli ina sehemu yake, nami sitaki kuidharau. Lakini katika chakula cha injini petroli ni mchuzi, na hewa ndiyo ugali. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa hutakiwa karibu kilo 15 za hewa. Ukitaka kulipima jambo hilo kwa ujazo, lita moja ya petroli katika joto la Mombasa huhitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa. Kuongeza petroli ni kazi nyepesi: panua tundu, nayo itamiminika. Kuongeza hewa ndiko kwenye taabu. Hewa huvutwa na pistoni inaposhuka, na ikikuta njia nyembamba, au yenye kona kali, au yenye joto, huingia pungufu kuliko ilivyotakiwa.

Njia hiyo ya kuingilia hewa mafundi wetu huiita manifoldi. Umbo lake si gumu kulieleza. Mbele pana kilango kinachofunguka dereva anapokanyaga. Nyuma ya kilango pana chumba. Na kutoka katika chumba hicho hutoka mirija, mmoja kwa kila silinda, mpaka kwenye kichwa cha injini. Weka mkono wako mezani na kuvikunja kidogo vidole vinne, umekwisha kuiona: kiganja ndicho chumba, vidole ndivyo mirija. Kiwanda kinapoitengeneza hufikiria mambo mengi ambayo mshindani hayafikirii: bei, ukimya, injini kuwaka upesi asubuhi ya baridi, na nafasi iliyopo chini ya boneti. Sisemi kwamba kiwanda kilikosea. Kilimtengenezea karani anayekwenda kazini, na karani alifika.

Gari ninalolisimulia hapa ni Datsun, lenye injini iitwayo L20B, ya silinda 4 na sentimeta za ujazo 1,952. Kipenyo cha kila silinda ni milimeta 85, na mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini ni milimeta 86. Magari haya yana heshima ya pekee katika nchi yetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na Shekhar Mehta aliyashinda mara 5, mwaka 1973 na tena mfululizo tangu 1979 hadi 1982, kila mara akiwa ndani ya gari la ukoo huo. Gari letu halikuwa na utukufu kama ule. Lilikuwa la mfugaji mmoja wa Kiambu, aliyelinunua na kulifufua kwa fedha za maziwa. Alikwisha kuondoa kabureta na kutia vinyunyizi vinne vya petroli vinavyoongozwa na kompyuta ndogo, lakini manifoldi ilikuwa ile ile ya zamani, fupi na yenye kona. Injini alikuwa nayo moja tu, hana ya akiba. Na majuma saba mbele yake palikuwa na mashindano ya kupanda kilima ambayo ada yake alikwisha kuilipa. Tulikuwa watu watatu: yeye, ambaye ndiye dereva, mzee mmoja fundi wa kuchomelea madini, na mimi, mwalimu wa fizikia, niliyeitwa kwa ajili ya hesabu nikabaki kwa ajili ya tupa na msasa.

Huenda ukauliza kwa nini tusinunue kitu kilichokwisha kutengenezwa. Vilikuwako vya kununua kutoka ng'ambo, vyenye umbo la kutosha gari jingine na barabara nyingine. Barabara yetu ina jambo moja ambalo mtu wa pwani halijui mpaka apande juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko kani ya hewa hupungua kwa karibu sehemu moja katika tano. Ukienda Timboroa, penye zaidi ya mita 2,700, upungufu hupita robo. Maana yake ni kwamba injini ile ile, petroli ile ile na dereva yule yule, wakitoka Mombasa kwenda Timboroa, huacha zaidi ya robo ya chakula chao njiani. Hakuna manifoldi itakayorudisha yote hayo. Lakini mwenye kipato kidogo ndiye anayepaswa kuhesabu senti, na injini ya nyanda za juu ina sababu kubwa kuliko nyingine ya kutopoteza hewa kwenye kona.

Sasa nakuomba uvumilivu, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Wengi hudhani kazi ya mrija ni kupitisha hewa tu, kama mfereji unavyopitisha maji. Kwamba mrija ukiwa mfupi na mpana, mambo yamekwisha. Sivyo. Vali ya kuingizia hufunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde, na kila mara pistoni inapovuta, upungufu wa kani huzaliwa mlangoni mwa silinda na kusafiri katika mrija kama wimbi, kwa mwendo wa sauti, ukielekea chumbani. Umefunga kamba mtini ukaitikisa ncha yake? Umeona mtikisiko unavyokwenda hadi mtini na kukurudia mkononi. Wimbi la hewa hufanya vivyo hivyo, ila likifika mahali mrija unapofunguka ghafula katika chumba kipana hurudi limegeuka: lililokwenda likiwa upungufu hurudi likiwa wingi. Basi likirudi mlangoni wakati vali ingali wazi na pistoni imefika chini, husukuma hewa ya nyongeza ndani ya silinda, bure, bila ya pampu wala mkanda. Likirudi mapema mno au likichelewa, halifai kitu, na pengine hudhuru.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kwa masikio kabla ya kuwako injini. Siwa ya Pate ni ya pembe na siwa ya Lamu ni ya shaba, na mtu yeyote aliyepuliza baragumu ndefu na fupi anajua kwamba iliyo ndefu hutoa sauti nzito. Urefu wa njia huamua muda wa kwenda na kurudi kwa wimbi, na muda huo ndio sauti. Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1894, alichunguza kwa bidii mlio wa hewa ndani ya chupa na matufe yenye tundu. Na mafundi wa injini wangali wakitumia jina lake wanapoeleza kuvuma kwa hewa katika manifoldi. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza gari liitwalo 300F lenye mirija ya inchi 30, yaani sentimeta 76, iliyovuka kutoka upande mmoja wa injini hadi upande wa pili. Ukifungua boneti yake waona kama ngwena wawili waliolaliana. Haikuwa pambo. Mirija ile mirefu iliongeza nguvu katika mwendo wa kati, na kwa wale waliotaka mwendo mkali zaidi palikuwa na mirija ambayo kwa ndani ilikuwa mifupi kwa nusu.

Hesabu yenyewe yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Pistoni huvuta kwa nguvu zaidi inapokuwa karibu na katikati ya safari yake, nasi twataka wimbi lirudi inapofika chini. Kati ya hapo na hapo ni karibu robo ya mzunguko wa kranki. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, ni mizunguko 100 kwa sekunde, na robo ya mzunguko huchukua sehemu mbili na nusu katika elfu za sekunde. Sauti katika hewa yenye joto la nyuzi 23 huenda mita 345 kwa sekunde. Kwa muda ule husafiri sentimeta 86. Kwa kuwa ni kwenda na kurudi, gawanya kwa mbili: sentimeta 43. Huo ndio urefu kutoka vali hadi chumbani. Kwa mizunguko 7,000 utapata karibu sentimeta 37, na kwa mizunguko 4,000 utapata karibu 65. Hesabu hii si Msahafu. Vali haifunguki kwa ghafula na hewa nayo ina uzito. Ila hukuelekeza kijijini, hata kama nyumba utaitafuta mwenyewe.

Dereva aliposikia hayo aliniuliza swali ambalo natamani lingeulizwa na wanafunzi wangu. "Mwalimu," akasema, "hesabu hii ni ya hewa ya wapi? Hewa yetu ni nyepesi. Je, mirija ya Mombasa na mirija ya Limuru iwe na urefu mmoja?" Ni swali la haki, na jibu lake huwashangaza wengi. Kani ya hewa ikipungua, uzito wa hewa katika ujazo ule ule nao hupungua kwa kadiri ile ile, na mambo hayo mawili yakikutana katika mwendo wa sauti hufutana. Kinachobaki ni joto peke yake. Hewa ya Limuru na ya Mombasa zikiwa na joto moja, sauti husafiri sawasawa katika zote mbili. Mlima wakunyima hewa, lakini haukubadilishii urefu wa mrija.

Jawabu hilo lilimaliza ubishi mmoja likaacha mwingine ulio mkubwa zaidi. Dereva alitaka sentimeta 37. Alikuwa kijana, na alipenda sauti ya injini inapolia juu kabisa; alisema mashindano hushindwa huko. Mzee alitaka 65. Akamwambia, "Mwanangu, kilimani mshindi ni yule anayetoka konani, wala si yule anayepiga kelele akiwa njia imenyooka." Waligombana siku tatu, kwa adabu lakini bila ya kuoneana huruma, na kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Hapa, msomaji, ndipo nilipouona uzito wa kazi ile. Mrija mmoja hauwezi kuwa na urefu wa namna mbili. Utakachokitoa kwenye mwendo wa juu hukipati bure. Umekichukua mwendo wa chini. Viwanda vingine vimetengeneza manifoldi zenye milango ya kubadili njia injini ikienda, na ni werevu mkubwa, lakini kila mlango ni kitu cha kuharibika, nasi tulikuwa na majuma saba.

Shauri lilikatwa na sanduku la gia. Dereva akibadili gia ya pili kwenda ya tatu kwenye mizunguko 6,200, injini hushuka hadi karibu 4,100. Basi akiwa kilimani injini yake huishi kati ya namba hizo mbili. Haipiti juu wala haishuki chini isipokuwa kwa dharura. Nikawaonyesha kwamba katikati ya hapo ni karibu 5,000, na kwamba urefu wake ni sentimeta 52. Hakuna aliyefurahi sana, jambo ambalo nililichukua kuwa dalili njema. Njia ya ndani ya kichwa cha injini yenyewe ni karibu sentimeta 10, kwa hiyo mrija wetu ukawa wa 42.

Upana nao una kanuni yake. Mrija mpana mno hufanya hewa iende polepole, na hewa iendayo polepole haina msukumo wa kujishindilia pistoni inapofika chini. Mrija mwembamba mno huziba. Kwa mizunguko 5,000, mrija wa milimeta 45 ungeipa hewa mwendo wa wastani wa mita 51 kwa sekunde wakati wa kuvuta. Wa milimeta 36 ungeipa karibu 80. Tulichukua 40, ambao hutoa karibu 65. Sitakuficha kwamba sehemu ya sababu ilikuwa dukani: bomba la alumini la kipenyo hicho lilipatikana, lenye ukuta wa milimeta 3, na likawa safi.

Kabla ya kugusa alumini tulijenga manifoldi ya boksi la karatasi ngumu na mabomba ya plastiki ya maji. Watu wapitao walicheka. Lakini karatasi ilituambia mambo ambayo chuma kingetuambia kwa hasara. Katika injini ya L20B njia ya kuingilia hewa na njia ya kutokea moshi ziko upande mmoja, upande wa kushoto, na nafasi kati yake na ubavu wa gari ni ndogo. Bahati njema magari ya Kenya yana usukani kulia, na silinda ya breki iko huko. Hata hivyo mirija ya sentimeta 42 haikuweza kunyooka ubavuni. Ilibidi ipande, ipinde, na kurudi juu ya kifuniko cha vali, na sanduku la hewa likae pale. Boneti ilifunga kwa nafasi ya kidole kimoja.

Kupinda bomba la alumini ni kazi ya subira. Ukilipinda tupu hubonyea kama mrija wa kunywea soda. Mzee alilijaza mchanga mkavu uliochekechwa, akaukong'ota mpaka ukashindiliwa, akaziba ncha kwa vigingi vya mti, kisha akalipasha moto. Tatizo la alumini ni kwamba haikuonyi. Chuma hugeuka chekundu na kukuambia sasa niko tayari. Alumini hukaa na rangi yake ile ile mpaka dakika inapoporomoka mikononi. Mzee alichukua kipande cha sabuni ya kufulia akalipaka bomba, akasogeza moto polepole. Sabuni ilipogeuka hudhurungi na kukaribia weusi, aliondoa moto. Hapo madini yamelainika nayo bado yako mbali na kuyeyuka. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na sijawahi kuona kipimajoto cha bei nafuu kama kile.

Bamba la kufungia mirija kwenye kichwa cha injini tulilikata katika alumini ya unene wa milimeta 12. Matundu yake tuliyachora kwa kutumia gasketi, na hapa pana jambo dogo lenye faida kubwa. Tundu la bamba lisizidi tundu la kichwa. Likizidi, hewa inayokwenda kasi hujigonga kwenye ukingo kama mtu anayejigonga kizingitini gizani. Likiwa dogo kwa unywele, hewa hupita. Nilifanya kazi ya tupa siku mbili kwa ajili ya unywele huo.

Kuchomelea alumini ni elimu peke yake. Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini juu yake pana ngozi nyembamba ya oksaidi isiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 2,000. Fundi asiyejua hupasha, hupasha, ngozi imekaza, na chini yake madini yamekuwa maji. Ghafula yote huanguka. Ndiyo sababu hutumiwa umeme wa kwendea na kurudi, ambao mwendo wake mmoja huivunja ngozi na mwendo wa pili hupasha, na gesi ya agoni hupulizwa juu ya mahali pale ili hewa isije ikaumba ngozi mpya. Mzee alifunga bamba kwa bolti juu ya pande la chuma kabla ya kuanza, maana joto hulipotoa bamba kama jua linavyoupotoa ubao mbichi. Alichomelea kidogo hapa, akaruka kule, akarudi, akangoja. Siku hiyo hakutaka mazungumzo. Kulipopoa, nililisugua bamba juu ya msasa uliogandishwa kwenye kioo kinene mpaka alama za kalamu nilizolichora zikafutika zote kwa pamoja.

Ndani ya sanduku kila mrija ulianza na mdomo uliopanuka kama tarumbeta, uliokerezwa na kung'arishwa. Hewa haipendi ukingo mkali wa bomba lililokatwa. Hujikunja hapo na kuifanya njia kuwa nyembamba kuliko ilivyo. Sanduku lenyewe lilikuwa la lita mbili na nusu, pana upande wa kilango na jembamba kuelekea nyuma. Tulifanya hivyo kwa kuwa hewa iingiayo kwa kasi hukimbilia mwisho wa chumba, na silinda ya nne ingekula ikashiba na ya kwanza ikabaki na njaa. Isitoshe, L20B huwaka kwa mfuatano wa 1, 3, 4, 2. Tazama vizuri: ya tatu hufuatwa na ya nne, jirani yake, na ya pili hufuatwa na ya kwanza, jirani yake. Mmoja hajamaliza kuvuta na mwenzake wa ukuta mmoja ameanza. Chumba kikiwa kidogo majirani hunyang'anyana.

Hatari ya kwanza ilikuwa moto. Mabomba ya moshi yalikuwa chini kabisa ya mirija yetu, na petroli ilipaswa kupita juu. Paipu moja ikilegea, gari ni tanuri, na dereva yuko ndani amefungwa mikanda. Kwa hiyo tuliweka njia ya petroli upande wa juu, mbali na moshi, kwa paipu lililofumwa kwa waya na vifungo viwili kila ncha. Na kati ya moshi na mirija tuliweka ngao ya bati la alumini isiyogusa upande wowote. Ngao ile ilitupa faida ya pili. Hewa ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hupungua uzito kwa karibu asilimia 3, na ni upuuzi kutafuta nguvu kwa hesabu ya mawimbi kisha kuzichemsha njiani.

Hatari ya pili ilikuwa ndogo kama mbegu ya ulezi. Kuchomelea huacha punje ndani ya mirija, nyingine zimeshikilia kwa uzi. Punje moja ikiachia injini ikienda mizunguko 5,000, itaingia kati ya vali na kiti chake, na injini pekee ya mfugaji wetu ingeishia hapo. Tulipitisha brashi, tukapitisha maji ya moto, tukapitisha kitambaa cheupe mara nyingi mpaka kikatoka kama kilivyoingia. Dereva alilifanya tena mwenyewe usiku, peke yake, akidhani hatumwoni.

Kisha tukaziba mianya yote, tukatia hewa kwa pampu na kupaka povu la sabuni. Mahali paingiapo hewa ya wizi, kompyuta haijui, petroli haitoshi, na moto mkali hutoboa pistoni. Povu lilikaa kimya kila mahali isipokuwa chini ya mrija wa tatu, pembeni mwa bamba, mahali ambapo mkono wa fundi hufika kwa shida. Pale liliota vijipovu vidogo, kimoja kimoja. Mzee alivitazama kwa muda mrefu. Hakusema neno. Alilifungua bamba akalirudisha juu ya pande la chuma, na saa nne baadaye povu lilikaa kimya hapo pia.

Tulilijaribu gari katika njia ya shamba moja, kwa idhini ya mwenyewe, kwenye mteremko tuliokwisha kulipima gari hapo hapo likiwa na manifoldi ya kale. Kipimo chetu kilikuwa saa: gia ya tatu, kupanda, kutoka mizunguko 3,000 hadi 5,500, mara tatu, na kuchukua wastani. Kwanza petroli ilisawazishwa upya, maana hewa iliyoongezeka yataka chakula chake. Tukatoa plagi zote nne, na rangi zake zilifanana kama mapacha wanne. Kisha tukapima. Kati ya 3,000 na 3,500 gari lilikuwa zito kuliko zamani, nami nilimwona mzee akimtazama dereva kwa jicho la nimekwambia. Lilipopita 4,000 sauti ilibadilika. Ule mvumo uliokuwa kama wa mtu anayekoroma uligeuka ukawa mmoja, mzito, uliokaza, na gari likaanza kujivuta lenyewe. Saa ilionyesha pungufu ya sekunde moja na kitu katika safari ile fupi. Katika mashindano yenyewe dereva alipata nafasi ya tatu katika daraja lake, nyuma ya magari mawili yenye injini kubwa kuliko yake, na petroli haikudondoka hata tone.

Hata leo hawajapatana. Dereva husema kwamba sentimeta 45 zingetosha. Mzee ameweka vipande viwili vya bomba lile juu ya rafu yake, vimefungwa kwa gazeti visichubuke, na mtu akimwuliza ni vya nini, hujibu kwamba ni vya manifoldi ya sentimeta 65, siku kijana atakapotaka kwenda Timboroa.